Shajara ya mradi: faharasa ya maneno ya Kiingereza ya tamaa, yaliyopangwa kwa mizizi

Kinachotengenezwa ni kijitabu cha vidahizo 24: maneno ya Kiingereza yanayotaja tamaa, uroho, ulafi na uchoyo, kila moja na asili yake, maana yake ya leo, na neno la Kiswahili linaloliendea. Kimekusudiwa wafasiri, wahariri na walimu wa sekondari. Tafsiri nyingi huyabwaga "greed", "avarice", "covetousness" na "cupidity" yote katika neno "tamaa", ilhali Kiswahili kina msamiati wa kuyatenga vizuri kabisa. Anayetaka kuiga kazi hii kwa maneno ya hasira, wivu au woga ataona hapa hatua, sehemu zinazokwamisha, na gharama.

11 Januari 2025: Vyanzo

Kanuni ya kwanza: hakuna asili inayoingia bila vyanzo viwili. Vya bure vinatosha. Toleo la kwanza la Oxford English Dictionary lilitoka kwa vipande kati ya 1884 na 1928, hakimiliki yake imekwisha, na nakala zilizopigwa skani zipo Internet Archive. Herufi F na G ziko katika juzuu la nne, la 1901. Lina kasoro moja: miaka ya matumizi ya kwanza imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Kwa hiyo tunalitumia kwa mizizi, si kwa miaka. Kwa miaka ya kabla ya 1500 tunakwenda Middle English Dictionary, kamusi ya Kiingereza cha Kati, ya Chuo Kikuu cha Michigan. Kwa Kiingereza cha Kale, yaani kilichotangulia hicho cha Kati, ni kamusi ya Bosworth-Toller, kwa Kilatini ni kamusi ya Lewis na Short ya 1879, zote zinasomeka mtandaoni bila malipo. Online Etymology Dictionary ni ya kulinganishia. Upande wa Kiswahili, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ndiyo ya kuanzia.

Usipakue juzuu zima la skani, maana faili ni kubwa mno na linamaliza bando kabla hujafika kwenye neno lako. Fungua ukurasa kwa ukurasa. Bando: shilingi 10,000.

25 Januari 2025: Mpangilio wa alfabeti umekataa

Rasimu ya kwanza ilifuata alfabeti. Matokeo yake, "covet" na "cupidity" zilipata maelezo mawili ya Kilatini kilekile, yaliyoandikwa siku tofauti na yasiyokubaliana. "Ravenous" na "rapacious" zikapatwa na hayo hayo. Mpangilio wa karne ulijaribiwa ukashindwa kwa sababu mzizi mmoja huweza kuingia Kiingereza mara mbili, katika karne mbili mbalimbali, na ndugu wakatenganishwa. Mpangilio wa kiwango cha lugha, yaani ya mtaani, ya kawaida na ya kitabuni, ulizua mabishano yasiyokwisha.

Kilichokaa ni mpangilio wa tendo la asili. Kila neno liliulizwa: kabla hujawa dhambi ya moyoni, ulikuwa tendo gani la mwili? Majibu yakawa matano: kuona njaa, kutamani, kunyakua, kumeza, na kutosheka, au tuseme kutotosheka. Yasiyoingia popote yamewekwa mwisho.

Lahajedwali ina safu saba: kidahizo, umbo la zamani kabisa, maana ya umbo hilo, njia ya kuingia Kiingereza, maana ya leo, Kiswahili, na asili ya uongo. Safu ya saba iliongezwa baadaye. Sababu iko chini.

8 Februari 2025: Ukoo wa njaa

Ukoo huu una neno moja kubwa, nalo lilitaka kazi kuliko yote. "Greed" ni fupi na la kienyeji, hivyo mtu hudhani ni kongwe. Nomino hii ni changa: inajitokeza mwanzoni mwa karne ya 17. Kilichokuwapo tangu mwanzo ni kivumishi "greedy", katika Kiingereza cha Kale "grǣdig". Nomino yake ilikuwa "greediness". Wasemaji walikiondoa kiishio cha kivumishi wakapata "greed". Kidahizo kianze na "greedy", na "greed" ikae chini yake. Ukigeuza utajikuta unaeleza kwamba mtoto amemzaa mama.

Maana ya kwanza ni njaa. Askofu Wulfila alipofasiri Biblia kwa Kigothi, lugha ya kale ya ukoo mmoja na Kiingereza, katika karne ya 4, alipofika Marko 11:12, pale Yesu alipotoka Bethania akaona njaa, aliandika "gredags was". Ni ndugu wa damu wa "greedy", na hana lawama hata chembe; ni tumbo tupu tu. Katika Beowulf, shairi la Kiingereza cha Kale, mstari wa 121, jitu Grendel linaitwa "grim ond grædig", kali na lenye uchu wa kula watu. Hapo njaa imekwisha kuwa tabia. Mifano hii miwili imechapwa bega kwa bega katika kijitabu, kwa sababu hakuna maelezo yanayoonyesha safari ya neno vizuri kuliko hayo.

Fasili ya kwanza ya Kiswahili, "tamaa kubwa", ilianguka kwenye sentensi ya majaribio: "Don't be greedy, leave some cake for your sister." Ukifasiri "usiwe na tamaa" utaeleweka, lakini hakuna mama anayesema hivyo mezani. Atasema: "Usiwe mroho, mwachie na dada yako." Kwenye habari ya mkurugenzi aliyejilimbikizia marupurupu, "mroho" nalo linapunguza kosa, na "mwenye tamaa" ndilo linalofaa. Kidahizo sasa kina fasili mbili zenye namba: ya chakula, uroho; ya mali na madaraka, tamaa. Kiingereza hakitofautishi, mfasiri ndiye anayetakiwa kutofautisha.

Kiingereza cha Kale kilikuwa na neno jingine la tamaa ya mali, "gītsung". Lilikufa baada ya Kifaransa kuingia. Ndugu yake yuko hai Ujerumani, "Geiz", ambalo leo ni ubahili. Limewekwa kwenye kisanduku pembeni, si kidahizo.

22 Februari 2025: Ukoo wa kutamani

Kilatini kina vitenzi viwili hapa, "avere" na "cupere", vyote kutamani.

Kutoka "avere" likatoka "avarus", mwenye tamaa, kisha "avaritia", na kwa njia ya Kifaransa likaingia "avarice" mnamo 1300. Likatoka pia "avidus", lililozaa "avid". Na kutoka "avidus" likatoka "audere", kuthubutu, mama wa "audacious". Mwenye kutamani sana mwishowe huthubutu. Uhusiano huu wasomaji wa rasimu waliupenda kuliko mwingine wowote, nasi tumeuacha uchukue nafasi.

Kutoka "cupere" lilitoka "cupiditas", na jina la Cupid, mungu wa mapenzi wa Warumi. Kiingereza kililipokea "cupiditas" mara mbili. Mara ya kwanza lilipitia midomo ya Wafaransa wa kawaida, likabadilika sauti mpaka likawa "coveitier", na "covet" ikaingia katika karne ya 13. Mara ya pili lilipitia kalamu za wasomi, likaja karibu zima, "cupidity", katika karne ya 15. Jozi za namna hii zimejaa katika Kiingereza, na kuna kanuni ya kuokoa muda: lililobadilika sana ndilo kwa kawaida lililotangulia. Liangalie kwanza katika kamusi ya Kiingereza cha Kati.

Hapa ndipo safu ya saba ilipozaliwa. Isidore wa Sevilla, aliyefariki 636, aliandika kwamba "avarus" ni "avidus auri", mwenye uchu wa dhahabu. Maelezo hayo yalinakiliwa Enzi za Kati zote, na bado yanasikika mimbarini. Nusu yake ni kweli, "avidus" ni ndugu halisi, dhahabu haimo. Kuyafuta tu hakusaidii, maana msomaji atayakuta kwingine na kudhani kijitabu kimesahau. Dawa ni kuyachapa kwa herufi ndogo chini ya kidahizo, yakitanguliwa na alama ya ×, na mstari mmoja wa kueleza kwa nini hayasimami.

Kuhusu maana za leo, kila neno lilipewa herufi: L kwa lawama, S kwa sifa, LS kwa linaloyumba. "Avarice" ni L, ni la mali pekee, na linabeba kukusanya na kushikilia kwa pamoja. Muktadha wa kukusanya unataka "tamaa ya mali", wa kushikilia unataka "ubahili". "Cupidity" ni L, la fedha, la maandishi rasmi. "Avid" ni S: "an avid reader" ni msomaji mwenye hamu, na kumwita mwenye tamaa ni kumtukana bure. "Covet" ni LS. Mtu akitamani cha mwenzake, kama katika Kutoka 20:17, ni lawama. Lakini "a coveted award" ni tuzo inayowaniwa na wengi, na hakuna anayelaumiwa. Kitenzi kikigeuzwa kuwa sifa ya kitu, lawama humwondokea mtu.

8 Machi 2025: Ukoo wa kunyakua

Kitenzi ni "rapere", kunyakua. Watoto wake ni wengi kuliko walivyotarajiwa: "rapacious", "rapid", "raptor", "rapture", "surreptitious". "Rapacious" iliingia karne ya 17 moja kwa moja kutoka "rapax". "Ravenous" ilitangulia, karne ya 14, kupitia Kifaransa "ravine", unyang'anyi, kutoka Kilatini "rapina". Kanuni ya jozi imesimama tena. Na "ravine" ya leo, yaani korongo, ni neno hilo hilo la Kifaransa: maji yaporomokayo kwa nguvu na kunyakua udongo, kisha jina likabaki kwa shimo yaliloliacha.

Mtego mkubwa wa ukoo huu ni "raven", kunguru mkubwa mweusi. Ndege huyu hula mizoga, "ravenous" inafanana naye kwa herufi zote za mwanzo, na watu wazima wenye elimu huapa kwamba ni kitu kimoja. Njia ya kupima ni kuandika umbo kongwe la kila upande kwenye mstari mmoja. Ndege: "hræfn". Njaa: "rapina". Moja lina h mwanzoni na f katikati, jingine lina p, na moja ni la Kijerumaniki, ukoo wa lugha wenye Kiingereza na Kijerumani, huku jingine ni la Kilatini. Maumbo kongwe yasipokutana, kufanana kwa leo ni bahati. Kipimo hiki kimewekwa ukurasa wa 3 wa kijitabu, kabla ya kidahizo chochote, kwa sababu kinatumika kwa lugha yoyote.

Maana zimeachana. "Ravenous" sasa ni njaa kali tu, bila ubaya. "Rapacious" ni ya mwenye kuchukua cha wengine: mwenye nyumba, mkopeshaji, kampuni. Pendekezo la kutumia "fisi" lilikataliwa. Fisi wa Kiswahili ni mlafi, na "rapacious" haizungumzii kula bali kupora. Tumebaki na "-poraji" na "-nyang'anyi".

Mfano uliochapwa ni Mathayo 7:15, manabii wa uongo waliovaa mavazi ya kondoo. Biblia ya Kilatini inawaita "lupi rapaces", Kiingereza cha 1611, yaani Biblia ya King James, "ravening wolves", na Kiswahili cha Union Version "mbwa-mwitu wakali". Kilatini na Kiingereza cha wakati ule vilishika tendo la kunyakua; Kiswahili kikashika ukali. Msomaji wa leo wa Kiingereza naye hudhani ni mbwa-mwitu wenye njaa tu, kwa kuwa "ravenous" imemwathiri.

15 Machi 2025: Ukoo wa koo

Ulikwenda haraka. "Gula" ni koo, "gluttire" ni kumeza. "Gluttony" iliingia mnamo 1200, na "glut" ni soko lililofurika bidhaa. Mnyama wa nchi za baridi anayeitwa "wolverine" ana jina la kisayansi Gulo gulo, yaani mlafi mlafi. "Vorare", kumeza kwa pupa, imezaa "voracious", "devour" na "carnivore". Kiswahili ni "ulafi" bila ubishi. "Voracious" ni LS, maana "a voracious reader" ni sifa. "Edacious" na "esurient" zimepewa mstari mmoja kila moja. Karibu hakuna anayezisema.

29 Machi 2025: Ukoo wa kutosha

Tulidhani ungekuwa na neno moja, "insatiable", ukageuka kuwa ukurasa bora wa kijitabu chote. Mzizi ni Kilatini "satis", kutosha. "Insatiable" ni asiyetosheka. "Satisfy" ni kufanya kutosha. Baada ya hapo mambo yakaanza kushangaza.

"Asset", mali ya mtu au ya kampuni, inatoka hapo hapo. Wanasheria wa Kiingereza waliotumia Kifaransa walisema "asetz", yaani "ya kutosha", kutoka Kilatini "ad satis". Swali lilikuwa la mirathi: je, marehemu ameacha vya kutosha kulipa madeni na wasia? Vile vya kutosha vikaitwa "assets". S ya mwisho haikuwa ya wingi. Wasemaji waliisikia kama wingi, na baadaye wakaikata wakapata "an asset". Kwa hiyo neno la kutosheka na neno la mali ambayo watu hawatosheki nayo ni ndugu. Katika kijitabu yamewekwa kurasa zinazotazamana.

La pili ni "sad". Hili halikutoka Kilatini. Ni la Kijerumaniki, lakini mzizi wake wa mbali ni mmoja na "satis". Kiingereza cha Kale "sæd" ni aliyeshiba. Kijerumani "satt" bado ni aliyeshiba. Katika Kiingereza aliyeshiba akawa mzito, mzito akawa mtu wa makini, na mwenye makini akaishia kuwa mwenye huzuni. Kwenye rasimu mshale ulichorwa kutoka "satis" kwenda "sad", kana kwamba moja limezaa jingine. Hilo ni kosa la mchoro linalotokea kirahisi sana: ndugu huonekana kama mzazi na mtoto. Marekebisho ni kuchora mistari miwili inayoshuka kutoka juu, na juu paachwe na umbo la kukisia, yaani lisiloandikwa popote bali lililokisiwa kutoka kwa watoto wake.

Umbo la kukisia nalo lina taabu. Wataalamu huliwekea nyota mbele. Wasomaji wa majaribio waliitafuta tanbihi chini ya ukurasa, hawakuiona, wakaripoti kwamba imesahauliwa. Nyota zote zimeondolewa. Badala yake kuna maneno "umbo la kukisia" kwa mlalo.

12 Aprili 2025: Jaribio la aya mbili

Kabla ya kufunga fasili, zilipitishwa kwenye aya mbili ambazo msomaji wa Kiswahili anazo tayari. Katika 1 Timotheo 6:10, Kigiriki kina "philargyria", kupenda fedha kwa maana ya madini. Kilatini kikafanya "cupiditas", neno pana zaidi. Kiingereza cha 1611 kikarudi kwenye "the love of money", na Kiswahili "kupenda fedha" kimelingana na Kigiriki sawasawa, maana kwetu nasi "fedha" ni pesa na ni madini. Katika Luka 12:15, Kigiriki kina "pleonexia", kutaka kuwa na zaidi. Kilatini "avaritia", Kiingereza cha 1611 "covetousness", na Kiswahili "jilindeni na choyo".

Hapo fasili yetu ya "covetousness", yaani kutamani cha mwenzako, ilipwaya. Mfano unaofuata ni wa tajiri mwenye ghala, na hakuna jirani anayetamaniwa chochote. Kidahizo kimegawanywa: maana ya kale, kutaka zaidi na kujilimbikizia, "choyo", maana ya leo, kutamani cha mwingine. Anayefasiri maandishi ya kabla ya karne ya 19 aanze kujaribu maana ya kale.

26 Aprili 2025: Yasiyo na ukoo, na moja lililoondolewa

"Miser" ni Kilatini kitupu: mnyonge, mwenye dhiki, ndugu wa "misery". Kilatini hakikumaanisha bahili. Kiingereza cha karne ya 16 ndicho kilichomtazama mwenye kulala na njaa juu ya sanduku la sarafu kikamwita mnyonge. Kiswahili ni "bahili", au kwa mazungumzo "mkono wa birika". "Mammon" ni Kiaramu, mali, lililobebwa na Kigiriki cha Injili. Kiswahili cha Mathayo 6:24 kimesema tu "Mungu na mali", na ni sawa kabisa. "Lucre" ni Kilatini "lucrum", faida. Sifa ya "filthy" iliambatanishwa nalo na William Tyndale katika Agano Jipya lake la 1526, na tangu hapo halijaisha kunuka.

"Niggardly", -chache au -a kibahili, iliandikwa kisha ikaondolewa kwenye vidahizo. Asili yake inaelekea ni ya Skandinavia, haina uhusiano na tusi la Kimarekani kwa watu weusi. Lakini masikio hayasomi etimolojia: mwaka 1999 ofisa wa jiji la Washington alijiuzulu baada ya kulitumia katika maana yake sahihi, kisha akaitwa arudi kazini. Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza hana sababu ya kulibeba. Limebaki kama onyo la mistari mitatu, na "stingy" imependekezwa badala yake.

10 Mei 2025: Uchapaji

Kurasa 32 za A5, yaani karatasi 8 za A4 zilizokunjwa na kubanwa kwa pini katikati. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, la sivyo mwishoni kuna kurasa tupu. Ndiyo maana ukoo wa koo umebanwa kwenye kurasa mbili.

Nakala za majaribio zilitoka na visanduku vitupu kila palipo na ǣ na ī. Kompyuta ya stesheni ya uchapaji haikuwa na fonti yenye herufi hizo, na faili lilipelekwa likiwa la kuhaririwa. Suluhisho lina sehemu mbili: tumia fonti ya Gentium, ambayo ni ya bure na inazo herufi zote, kisha peleka PDF iliyopachikwa fonti ndani. Fungua PDF hiyo kwenye simu kwanza. Zikionekana sawa pale, kwa kawaida zitachapika sawa.

Gharama: bando 10,000. Nakala 4 za majaribio bila jalada, pande 16 kwa shilingi 100 kila upande, 6,400. Nakala 50 za mwisho, 1,600 ya ndani na 500 ya jalada la manila kila moja, 105,000. Jumla shilingi 121,400. Vidahizo vinavyosubiri toleo la pili ni "mercenary", "venal" na "usury", ukoo wa soko na ujira, pamoja na "stingy" na wenzake wa ubahili.